Nimempelekea Mama Nyemo Balozi kwa Sababu ya Bata

Leo nimejidhalilisha mwenyewe, mchana kweupe, na balozi nimemfuata kwa miguu yangu. Nawasimulia sasa hivi kabla hamjaisikia kwa wengine, maana hapa Mlali habari haichelewi.

Mnaonifuatilia humu mnamjua Rehema. Kwa asiyemjua: ni bata. Bata mwitu, wale wenye uso mweupe na shingo ya kahawia, wanaopiga mluzi badala ya kulia kama bata wa nyumbani. Mvua zilipokolea alikuja na mumewe, akajenga kiota kwenye majani marefu pembeni ya kibwawa changu cha kumwagilia mchicha. Karibu mwezi mzima upande ule sikukanyaga. Mchicha wa pale ukakomaa, ukatoa maua, nikauacha. (Mume wangu, Baba Eva, alisema yeye sijawahi kumhurumia hivyo. Ni kweli.) Wiki iliyopita wakatoka vifaranga wanane. Nimewapiga picha mpaka simu ikajaa. Humu nimewaita "wanangu" mara ngapi sijui.

Basi leo asubuhi nimeamka, nikachukua pumba, nikaenda bwawani. Hamna bata.

Nikaita. Kimya. Nikapekua majani, nikainama mpaka chini ya mipapai. Hata unyoya. Nimesimama pale na bakuli langu, mara nikasikia ule mluzi wake. Unatoka upande wa pili wa ua wa minyaa.

Upande huo anakaa Mama Nyemo. Ni mjane, mtu mzima, ana kibwawa chake cha udongo anachonyweshea mbuzi. Ndiye aliyetupokea tulipohamia hapa, na ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu Eva. Nayasema haya ili mjue nimemfanyia nani.

Nikachungulia kwenye upenyo wa minyaa. Rehema yuko majini. Mumewe yuko majini. Vifaranga wote wanane wako majini. Na Mama Nyemo amesimama ukingoni na ungo, anawamwagia pumba, anasema, "Kuleni, wanangu."

Wanangu. Hapo ndipo akili ilipoaga.

Nikarudi mbio kwa Baba Eva. Alikuwa anatia mpini kwenye jembe.

"Mama Nyemo kachukua bata wangu."

"Kaulize kwanza."

"Nitauliza mbele ya shahidi."

Akaendelea na jembe lake. (Angenizuia. Kuna siku mume anatakiwa azuie.)

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Chigwile, nilimkuta anakunywa chai na viazi vitamu. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kushtaki wizi wa mifugo. Mzee akaacha kiazi. Huku kwetu ukisema wizi wa mifugo, mtu anawaza ng'ombe. Akavaa kofia, akachukua fimbo na daftari, tukaondoka.

"Wangapi?" akaniuliza njiani.

"Wadogo wanane, na mama yao na baba yao."

"Kumi," akasema, kwa masikitiko makubwa.

Sikumwambia ni bata. Hakuuliza. Na watu wakimwona balozi anatembea haraka na daftari hawawezi kubaki majumbani, kwa hiyo tulifika kwa Mama Nyemo tukiwa wengi kiasi cha kuanzisha mkutano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mbona mmekuja wengi hivi, kuna msiba?"

Balozi akasafisha koo. "Mama Nyemo, huyu jirani yako analalamika kwamba mifugo yake kumi iko hapa kwako."

Mama Nyemo akatazama zizi lake. Lina mbuzi wanne. Kisha akanitazama mimi. Nikanyoosha kidole bwawani.

Balozi aliyaangalia yale maji kwa muda mrefu.

"Sioni ng'ombe."

"Ni bata, balozi."

"Bata."

"Ndiyo."

Akaniangalia kama mtu aliyeikumbuka chai yake.

"Mama Eva," akasema Mama Nyemo, taratibu tu, "unasema mimi nimekuibia?"

Hapo ningeomba radhi, yangeishia hapo. Lakini nilishaleta balozi, na watu walishajipanga. Nikatoa simu, nikamwonyesha Mzee Chigwile picha. Akavaa miwani. Akapitia moja moja, pamoja na zangu za kujipima wigi ambazo hazikuhusu kesi.

"Hawa mbona kama wa mwitu?" akauliza.

"Ni wa mwitu, ila nimewalea mimi."

"Una kibali?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kufuga ndege wa porini. Hawa ni mali ya serikali, Mama Eva. Kwa hiyo kama kuna aliyeibiwa hapa ni serikali, na wewe umekuja kukiri mbele yangu, tena na picha."

Nyuma yangu mtu akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Nikaona nijiokoe. Nikasema sijawafuga, sijawafungia, ni vile tu wamenizoea, wananijua kwa sauti.

"Basi waite," akasema balozi.

Ningesema leo nina mafua. Badala yake nikapokea ungo wa Mama Nyemo (mtu niliyemwita mwizi, na bado alinipa ungo wake), nikasogea ukingoni, nikaita kwa ile sauti ninayotumia tukiwa wawili tu: "Rehemaa, mama, njoo kwa mama."

Balozi akasema, "Hilo ni jina la mama mkwe wangu."

Rehema hakugeuka. Nikasogea tena. "Rehemaa." Vifaranga wakajibana kwake. Nikaweka mguu mmoja kwenye tope ili nimwage pumba karibu, na mumewe, ambaye siku zote nilimdhania mpole, akaruka na mabawa yake yote na kunijia usoni. Nikarudi nyuma. Mguu wa tope haukurudi. Nikakaa. Nilikaa kitako ndani ya maji ya mbuzi, ungo kichwani, pumba machoni, na khanga yangu ikaelea peke yake ikielekea katikati ya bwawa. (Ndani nilivaa suruali ya kulalia ya Baba Eva. Mshukuruni Mungu pamoja nami.)

Familia nzima ya bata ikatoka majini upande wa pili, kwa mstari, mama mbele, wanane nyuma. Wakapita katikati ya miguu ya balozi, wakaingia kwenye matembele. Hakuna hata mmoja aliyeniangalia.

Aliyekuja kunivuta ni Mama Nyemo. Alinishika mkono, akanitoa, akaanza kunipangusa pumba usoni kwa upindo wa khanga yake. Huku akinipangusa akasema, kwa sauti ya kunitosha mimi, ila watu walikuwa wamenyamaza kwa hiyo wote wakasikia:

"Alfajiri niliwasikia wanalia kwako. Bwawa lako umelitandika nailoni, mwanangu, linateleza. Wewe juzi ulichota maji mengi, yakashuka. Wakawa wanapanda wanarudi chini, wanapanda wanarudi. Mmoja alishaanza kuzama. Nikapita kwenye upenyo, nikawawekea ubao, wakatoka. Mama yao ndiye aliyewaleta huku. Nikasema nisikuamshe, nitakuambia ukiamka."

Jamani, nimewahi kuanguka mitihani. Nimewahi kusahau maneno ya wimbo nikiwa mimi ndiye mwimbishaji. Haijawahi kuniuma kama leo. Nililia palepale, na kwa vile nilikuwa nimelowa nadhani wengi hawakujua.

"Nisamehe, mama."

"Yameisha. Njoo ndani ubadilishe."

Balozi alikuwa amefungua daftari, kalamu mkononi. Akauliza, "Sasa mimi niandike nini hapa?"

Mama Nyemo akafikiri kidogo. "Andika amekuja kuoga."

Na yule mzee akaandika. Nimemwona kwa macho yangu.

Nimekunywa chai kwa Mama Nyemo nikiwa na gauni lake, tukacheka mpaka akashika mbavu. Mimi na yeye tuko sawa. Ubao wake ameniachia, uko bwawani kwangu, ingawa sina tena bata wa kuutumia. Shida iliyobaki ni hawa wanakijiji wenzangu. Tangu saa sita wameshafika watu saba getini, kila mmoja anasema amefuata mchicha, kila mmoja ananitazama nywele kama zimekauka.

Hakuna hata mmoja aliyeondoka na mchicha.