Kambare Asiyefika Juu

Makiso, Kisangani, alasiri ya Ijumaa

Kwa Papa Israël, Kiongozi wa Orkestra ya Ukumbi wa Jirani

Mheshimiwa Maestro,

Nakuandikia kwa heshima yote, nikiwa nimekaa mita kumi na moja kutoka dirisha lako, tena nikiwa mzima, ingawa si kwa msaada wako.

Mimi ni Hilaire Bolamba. Miaka ishirini na sita nilitangaza ndege pale uwanja wa ndege wa Bangboka. Ndege ikichelewa, nilisema imechelewa. Sasa nimestaafu. Wiki tatu hizi, kila siku saa kumi, wanamuziki wako wanapiga ule muziki wa filamu ya katuni, ya kambare anayetaka kupanda maporomoko. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanzo una sauti ndogo mno. Fidla kubwa zinanguruma chini chini, kama mtu anayesema siri nyuma ya mlango. Inabidi niache kutafuna ili nisikie. Juzi nilimwomba kuku anyamaze.

2. Mapigo ni matano. Bon, Maestro, nani anahesabu hadi tano? Mke wangu, Georgette, ametwanga pondu, majani ya muhogo, kwa mapigo mawili tangu nilipomwoa. Sasa anatwanga moja, mbili, tatu, moja, mbili, halafu anabaki na mchi juu, akitafuta pigo lililopotea. Tunakula pondu yenye mabua.

3. Mwendo unaongezeka. Ngoma zikianza kukimbia, waendesha toleka wanaopita na abiria wao nao wanakanyaga baiskeli kwa kasi hiyo hiyo, bila kujijua. Siku ya Jumanne mmoja wao, Glodi, baba wa watoto wanne, aliingia na baiskeli yake hadi katikati ya nyanya anazouza Mama Philomène. Abiria alijifuta nyanya, akauliza wimbo unaitwaje.

4. Hili ndilo zito. Katikati ya muziki, vyombo vyote vinanyamaza, klarineti inabaki peke yake na huzuni yake. Siku ya kwanza Georgette aliweka mchi chini, akasema, "Ule iko René, siku aliondoka na valizi."

René ni mtoto wetu wa kwanza. Tuligombana, akabeba sanduku lake la nguo, akapanda boti kwenda Kinshasa, nami nikaapa sitampigia simu kabla yeye hajanipigia. Niliapa vizuri, mbele ya mashahidi. Nilidumu miaka miwili. Klarineti yako imenishinda kwa siku nne: nikampigia.

"Papa?" alisema René. Kabla sijafungua mdomo, muziki wenu ukaingia kwenye simu. Halafu akauliza, "Papa, ile makelele iko nini?"

"Iko kambare, mutoto yangu. Inapanda maji."

Tukasikiliza pamoja. Fidla zikapanda, tromboni zikaingia, sauti ikakua hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Na wewe, Maestro, ukagonga fimbo yako mezani, ukawasimamisha! "Alors, mbona wanaacha?" mtoto wangu akauliza. Nimjibu nini?

5. Donc, mwisho. Hamjaupiga hata mara moja. Mnasimama kabla ya ile sauti ya mwisho, mnarudi mwanzo, na kambare anabaki hewani. René sasa anapiga simu kila alasiri kuuliza kama amefika. Tukimaliza habari za kambare, tunajikuta katika mambo mengine: kazi yake, goti langu. Jana tuliombana msamaha kwa wakati mmoja, hatukujua nani amjibu mwenzake. Haya ni mengi kwa mtu aliyestaafu.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, orkestra yako ihamie kwingine, ikiwezekana ng'ambo ya mto.

Georgette anakusalimu. Nawe utusalimie wanamuziki wote, wa nyuzi na wa ngoma, hata wale wa tromboni.

Jirani yako mwenye kero na heshima,

Hilaire Bolamba

N.B. Nikiwa nafunga barua, Yakubu, mlinzi wa ukumbi, amekuja kusema kuanzia kesho ukumbi unapakwa rangi, hakuna mazoezi wiki mbili. Maestro, hilo haliwezekani. Uwanja wetu ni mpana. Nimeshaazima viti thelathini vya plastiki, na Georgette anafagia sasa hivi. Njooni kesho saa kumi kamili. Ila ule mwisho, nakusihi, msiupige kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. René yuko njiani.