Bendera Nyekundu ya Shimo la Tano

Leo nimejiaibisha mbele ya mutaa muzima, marafiki, na siwezi kumushitaki muntu kwa sababu mwenye kosa ni mimi. Asubuhi na mapema nilifua kaleso yangu nyekundu, ile nguo ya kuvaa ndani ya suruali. Kamba ya nguo ilikuwa imejaa mashuka ya bibi yangu, muke wangu. Nikachukua mwanzi murefu, nikauvalisha kaleso kwenye ncha, nikausimamisha nyuma ya nyumba. Ikawa juu kuliko bati. Upepo ukaanza kuipepesha. Nikaiangalia, nikajisifu: "Hii itakauka haraka."

(Nilimaliza sekondari. Diplome ya Eta, ile ya serikali, iko ukutani. Hiyo njo akili niliyotoka nayo.)

Nimekasirika. Ngojeni niwaeleze vizuri, kisha kila muntu achague wa kumukasirikia. Wa kutosha wapo.

Munanijua, mimi ni muntu wa nyumbani. Wenzangu wanavuka ziwa hadi Kigoma, wanapanda treni ya Kabalo, wanarudi na habari. Mimi nikifika soko tu naanza kukumbuka kiti changu. Napika, nafua, nasikiliza redio. Bibi yangu, Mama Bahati, anauza mawese. Yeye njo anatoka. Sasa amechoka. Akamuita kaka yake, Shemeji Kyungu, mwenye moto, pikipiki za kukodisha, huko Manono.

"Jumamosi kaka anafika," aliniambia. "Kama hautakuwa na kazi hapa Kalemie, Jumapili unapanda nyuma yake. Unaenda kuendesha moto Manono."

Manono! Vumbi lile! Mimi ambaye nikilala kwa mama mukwe, hapa hapa mujini, naamka shingo inauma!

Aliyeniokoa (nilidhani) ni jirani yetu, Mama Sifa. Yeye anauzia mandazi walinzi wa Papa Ingenieri, yule mukubwa wa mambo ya barabara. Huyo Papa anapenda golf. Amefyekesha majani kwenye mulima nyuma ya nyumba zetu, akachimba mashimo matano, akaweka bendera, na kila Jumamosi anapiga mupira muzuri kabisa akiufukuza na fimbo. Muntu wake wa kubeba fimbo aliacha kazi, akarudi kwao. Mama Sifa akasikia. Hakungoja.

"Niko na jirani," aliwaambia. "Anajua kusoma, Kifaransa anasema, na hana kitu cha kufanya."

(Aksanti, Mama Sifa. Hiyo ya mwisho ungeiacha.)

Jibu likarudi: aje Jumamosi, tumuone. Akifaa, kazi ni yake. Kazi ya kudumu! Na kutoka pale mulimani naona bati la nyumba yangu! Muelewe vizuri: sikutafuta ukubwa. Nilitafuta kubaki. Bibi mwenyewe alikubali: "Ukiipata hiyo, kaka atarudi peke yake."

Basi leo nikapanda mulima na viatu vya kanisani. Papa Ingenieri alikuwa na mugeni wake kutoka Kabimba, muntu munene mwenye kofia nyeupe, anayecheka hata kabla hujasema. Nikapewa mufuko wa fimbo. Muzito kama jeneza. Kisha Papa Ingenieri akanivalisha shingoni kitu kidogo cheusi, kama jumeli, darubini, lakini ya jicho moja.

"Hii ni mashine ya lezeri," akasema. "Unaangalia bendera ndani. Unafinya hapa. Ikitetemeka, imeishika bendera. Unaniambia namba ya metri, mimi nachagua fimbo. Bendera zote ni nyekundu. Huwezi kukosea."

Hayo maneno, marafiki, muyaweke pembeni. "Bendera zote ni nyekundu. Huwezi kukosea." Alisema yeye. Mugeni alisikia. Ningekuwa na mwanasheria ningeanzia hapo.

Shimo la kwanza, nikafunga jicho lisilofaa. Giza. Nikafungua lile, nikafunga lingine. Mungu wangu! Bendera ilikuja puani. Nikafinya. Kitu kikatetemeka mukononi kama panzi, nikapiga kelele, nusura niitupe majanini.

"Papa Bahati, haiumi," akasema Papa Ingenieri.

"Najua, Papa. Nilikuwa nairekebisha."

Nikasoma namba. Akapiga. Mupira ukaenda kulia, kwenye mihogo ya watu. (Umbali nilisema sawa. Kulia ni yeye.)

Shimo la pili na la tatu, nikazoea. Nikazoea mno! Nikaanza kupima kila kitu. Nikapima kreni ya bandari. Nikapima musalaba wa kanisa. Nikapima mbuzi, akasogea, nikamupima tena. Nikamuambia mugeni wa Kabimba umbali wa kichwa chake hadi muti wa karibu, na hakuniuliza.

"Papa, betri," akasema Papa Ingenieri.

Lakini alikuwa anacheka. Na shimo la nne, nilipomupa namba, mupira wake ukatua karibu kabisa na bendera. Akanipiga bega! "Huyu anafaa," akamuambia mugeni. "Huyu namuchukua." Mimi kimoyomoyo nikamuaga Shemeji: safari njema, usalimie Manono.

Ningalianguka homa pale pale. Ningalivunjika muguu. Hapana. Nikafika shimo la tano muzima.

Shimo la tano unapigia kutoka juu, kuelekea chini, upande wa ziwa. Asubuhi jua linatoka huko huko, ziwa lote linawaka, unaona muangaza mutupu. Papa Ingenieri akaweka mukono juu ya miwani, akaacha. "Sioni kitu. Najua tu ni upande huu, sawa na ule muti. Niambie umbali." Yeye na mugeni walikuwa sawasawa. Shimo hili njo la kuamua. Na Papa Ingenieri alikuwa ameshajitapa mbele ya walinzi kwamba leo Kabimba inarudi inalia.

Nikainua mashine. Sasa, jambo ambalo hakuna muntu aliniambia: juzi mwizi alipita na kitambaa cha bendera ya shimo la tano. Kitambaa kizuri, chekundu, peke yake mulimani, wewe ulitegemea nini? Mulinzi akaona aibu kusema. Akafunga pale kipande cha saki, gunia la unga, kile cheupe kilichochoka, rangi moja na majani makavu. Akanyamaza! Sina la kumufanya mulinzi huyo. Lakini mandazi ya Mama Sifa yamukwame.

Mimi natafuta chekundu. Natafuta, natafuta. Majani. Majani. Muti. Halafu hiyo hapo! Nyekundu, juu, inapepea kwa furaha kama siku ya uhuru. Nikafinya. Ikatetemeka.

"Mia moja sabini na mbili!" nikasema.

Papa Ingenieri akageuka. "Hapana. Siku zote hapa ni kama mia moja thelathini."

Ona nafasi niliyopewa. Muntu ananipa nafasi, bure! Ningesema: ngoja nirudie. Lakini nilikuwa nimeshapigwa bega. Nilikuwa mutaalamu tangu shimo la nne.

"Papa," nikamujibu, na sauti ya mwalimu, "macho yanadanganya. Mashine haidanganyi. Nimeiona bendera na jicho langu. Imetetemeka!"

Mugeni akacheka. Papa Ingenieri akarudisha fimbo aliyoishika, akachukua kubwa zaidi.

Sasa nisikilizeni. Ukitoa lile shimo la nne, muntu huyu tangu asubuhi amepiga mihogo. Amepiga kichuguu. Shimo la pili alipiga udongo, mupira ukabaki unamuangalia. Kwa nini, nauliza, kwa nini siku hiyo moja, dakika hiyo moja, apige sawa? Mupira ulitoa mulio safi, ukapanda, ukanyooka kama umetumwa. Mugeni mwenyewe akavua kofia.

"Aa!" akasema Papa Ingenieri taratibu. "Huo njo wa maisha yangu."

Kisha tukasikia, huko chini, chubwi. Na mwanamuke akapiga kelele.

Nilijua ile sauti. Nimekula chakula chake miaka mingi.

Tukashuka. Tukapita nguzo ya shimo la tano, na kile kisaki kimelala juu yake, na Papa Ingenieri akakiangalia, kisha akaniangalia mimi. Tukaendelea. Nikaona ukuta wa majani niliofunga na mikono yangu. Nikajiambia: kuta za majani zinafanana. Nikaona ndoo yangu ya bluu. Nikajiambia: ndoo za bluu ni nyingi.

"Hapa ni kwa nani?" akauliza Papa Ingenieri.

Nikakohoa.

Mulango wa ukuta ukafunguka. Bibi yangu huyo hapo, mukono kiunoni. Nyuma yake beseni la mawese, baridi, bahati nzuri, ambalo alikuwa anachuja tangu asubuhi. Katikati ya beseni, mupira mudogo mweupe, sasa wa rangi ya chungwa, unaelea kama yai. Na kando ya beseni, kwenye kiti changu, kiti CHANGU, Shemeji Kyungu. Alikuwa amevaa shati jeupe la safari. Kuanzia kola hadi mukanda, mawese. Yalikuwa yanatiririka puani.

"Shemeji," akasema, bila kupanda sauti, na hiyo njo mubaya zaidi, "hapa kwenu njo munapokea wageni hivi?"

Mugeni wa Kabimba akaniuliza na heshima zote: "Papa, ile bendera uliyopima iko wapi?"

Ningedanganya namna gani? Ilikuwa juu ya vichwa vyetu, inapepea. Nikanyoosha kidole.

Wote wakainua macho. Walinzi, mama wa jirani, watu wa avenyu, wa mutaa wetu, ambao sijui walitoka wapi haraka vile (siku ya kubeba maji hamuwaoni). Wote wanaangalia kaleso yangu. Na ina kiraka. Kiraka cha njano, sehemu ambayo sitaitaja hapa.

"Mashine haina kosa," akasema mugeni. "Imepima vizuri kabisa." Kisha akakaa chini, kwenye udongo, muntu munene vile, akacheka mupaka akashika ukuta wangu wa majani, ukuta ukaanguka.

Papa Ingenieri hakucheka. Alikuwa amepoteza mbele ya Kabimba kwa mupira bora wa maisha yake. Nilianza: "Papa, ulisema bendera zote ni nyekundu..." Akanyoosha mukono, akanivua mashine shingoni, polepole, kama unavyomuvua mutoto kitu alichookota.

"Papa Bahati," akasema, "umefika kwako. Baki."

Hayo tu. Akachukua mufuko wa fimbo mwenyewe, akapanda mulima. Neno nililolitaka mwezi muzima, kubaki, nimelipata hivyo!

Na sikubaki hata! Shemeji alikuwa amepangusa uso. "Kesho alfajiri, Manono," akasema. "Na shati hili utalifua leo. Wewe njo fundi wa kufua na kuanika."

Nimekasirika na mwizi wa kitambaa. Na mulinzi mwenye saki. Na mashine inayotetemekea kila kitu bila kuuliza ni cha nani. Na Papa Ingenieri, apige mihogo maisha yake yote. Na mashuka ya bibi yangu yaliyojaza kamba. Na ninyi, ambao muko munasoma hii na najua sura munazofanya. Muache.

Sasa hivi bibi ananifungia mizigo. Ameshusha mwanzi, ameitoa kaleso, bado ina unyevu, ameikunja, ameiweka juu ya nguo zangu zote ndani ya mufuko. Na Mama Sifa, aliyenitafutia kazi, amesimama pale ukuta ulipoangukia, mikono kifuani, anaangalia. Nilifikiri atanitetea. Amesema, na avenyu yote imesikia:

"Mama Bahati, hiyo kaleso irudishe juu ya mwanzi. Muntu amepewa mashine ya kuona mbali, akaona kwake tu. Bila bendera hiyo, kutoka Manono hataona njia ya kurudi."