Taa Nyekundu Isiyo na Adabu

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti na maji ya chupa, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtambo wowote wa Idara ya Staha na Huduma, tawi la Msambweni, utakaoruhusiwa kuwaka taa nyekundu mbele ya umma.

Bwana Sharif, meneja wa tawi, hakuliamua hilo kwa pupa. Alikuwa ameiona mwenyewe ruta ya ofisi, lile sanduku linaloleta intaneti, ikimkodolea taa nyekundu asubuhi nzima, na ilimuuma. Akamwita Bushra, fundi wa mitambo, amweleze maana ya taa hizo.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Kijani ni uzima. Ikipepesa rangi ya chungwa, yatafuta laini. Nyekundu, basi yachemka. Feni imekwama kwa vumbi."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa kijiji cha Munje, umefunzwa adabu. Mtu akikuuliza hali, hata kama una maiti ndani, wajibuje?"

"Nasema salama. Kisha ndiyo naeleza msiba."

"Basi hiki kidude mbona chaanza na msiba?"

Bushra akasema feni yataka kupanguswa tu.

Kamati ya Adabu za Taa iliketi siku tatu kwenye hoteli moja ya Diani, ikala kamba wa kukaanga, ikaafikiana: taa nyekundu ipakwe rangi ya kucha ya kijani. Wajumbe walitoka hoi, maana kuwaza si kazi ndogo. Bushra alipokumbusha habari ya feni, aliamriwa apake mara mbili. Sharif akatuma makao makuu waraka pamoja na picha ya mtambo uliostaarabika. Alikuwa na sababu: Alhamisi angehojiwa kwa video kwa cheo cha ukurugenzi, cheo alichokililia miaka nenda miaka rudi.

Intaneti ikawa inakatika kutwa. Mwanatumu, aliyekuja kumtafutia mwanawe cheti cha kuzaliwa apate kufanya mtihani, alirudishwa kila siku.

"Tazama taa, mama," Sharif alimwambia kwa upole. "Sisi ni wazima. Labda hitilafu iko kwako."

Alhamisi alivaa suti, akapiga bismillahi, akaketi mbele ya kompyuta. Mwenyekiti wa jopo akamuuliza uongozi bora ni nini. Sharif akafungua kinywa, na skrini ikaganda. Ruta ilikuwa imepata moto kama jiko la mandazi, na taa yake ni kijani kibichi.

Akampigia mwenyekiti simu. Ukweli usemwe, alilia kidogo.

"Mheshimiwa, mtambo umekufa."

"Haiwezekani, Bwana Sharif. Picha yako ninayo hapa. Kijani."

"Hiyo ni rangi ya kucha, mheshimiwa. Chini yake ni nyekundu. Nitaikwangua nikutumie picha."

"Nyekundu? Waraka wako tumeupitisha idara nzima asubuhi hii. Nyekundu haitambuliwi tena. Na mtu ambaye mtambo wake ni mzima, naye hakutokea, huyo hakuitaka kazi." Kisha akaongeza kwa huruma: "Rufaa ipo. Utaiomba kwa mtandao, kwenye ofisi ya huduma iliyo karibu nawe."

Sharif akatoka barazani, tai mkononi. Mwanatumu alimtazama, akajisogeza kwenye benchi.

"Karibu, baba. Foleni yaishia hapa kwangu."