Nyumba Isiyojua Maji

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ametoa amri. Mafuriko ya mwaka jana yalimharibia cherehani moja kati ya tatu, na hizo mbili zilizobaki ndizo zinazotulisha. (Mimi nachangia mawazo.) Nikate bima ya mafuriko kabla ya mvua kubwa, la sivyo anapanga chumba kule juu kilimani: yeye, cherehani zake na mama yake. Kwenye msafara huo jina langu halikutajwa.

Jirani yetu Fundi Saa kakata ya kwake jana. Kamwambia wakala wa bima ukweli mtupu, kwamba nyumba yake huingia maji kila mwaka. Wakamtoza mara mbili! Nimecheka hadi nikashika ukuta. Mtu mzima anajichongea mwenyewe! Mimi nimezunguka bandari tatu na kuachwa na meli mbili. Karatasi hainiwezi.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Mama mkwe ana tabia yake: kila maji yakiingia, huchora ukutani kwa msumari yalipofika, na mwaka pembeni. Mistari saba! Wa juu kabisa unanifika kifuani. Nimepaka rangi, nikarudia, bado inachungulia. Nimetundika pazia. Hapo hakuna dirisha, lakini nani atauliza?

Kisha matofali. Kwetu kitanda, kabati na meza vyote vimepandishwa juu ya matofali. Nimeyatoa yote. Mke wangu kaenda kukaa kitandani kwa mazoea, kakikuta chini kuliko alivyotegemea. Maneno aliyonipa siyaandiki.

Mama mkwe hajui kusema uongo, maradhi ya uzeeni. Nimempeleka kwa binti yake mdogo na kilo mbili za sukari. Akaniambia mwanangu, adabu hii ya leo inanitisha.

Alhamisi, 6 Machi

Wakala kaja. Binti mpole, miwani, kalamu nyekundu. Akafunua pazia apate mwanga. Ukuta! Nikalirudisha pazia kabla hajaiona mistari, nikasema ndio mtindo mpya, nimeuona ng'ambo. Akauliza mto uko mbali? Nikamuuliza mto upi? Hapo nikanogewa. Nikaapa kuwa nyumba hii haijui maji, kuwa tukipiga deki sakafu hukauka kabla ya tambara kupita, kuwa vyura wakitaka kuoga huhama mtaa.

Binti akaniamini. Akasema baba, basi ulipie kisichokuhusu kwa nini? Akaukata mstari wa mafuriko. Krrr! Yakabaki moto na wizi.

Nikimwambia arudishe, mimi mwongo. Nikinyamaza, mimi mjinga. Nikachagua kile kisichoonekana kwa macho. Nikatia sahihi.

Jioni mke wangu akauliza, maji yamo? Nikasema yamo. Yamo kweli, chini ya wino. Kwa hela iliyobaki nimemnunulia kiti cha mahameli. Kakikalia, kanishika shavu. Moyo uliniuma. Kidogo.

Jumapili, 16 Machi

Maji! Mchana kweupe, vyombo havijaoshwa. Nikazirukia cherehani. Mke wangu kakaa kwenye mahameli, miguu juu, anacheka: ziache bwana wee, bima itanunua mpya, za mota! Nikajitwika ya kwanza. Akauliza nimepagawa? Maji magotini, nikaipandisha kilimani hadi barazani kwa mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha. Nikarudia ya pili, maji kiunoni, na mke wangu nyuma yangu ananiita kichaa. Mtaa mzima unaokoa magodoro, mimi naokoa ndoa.

Njiani nikamwona Fundi Saa. Kang'ang'ania mlango wake uliong'oka, hajui kuogelea, analia kama ndama. Mikono ninayo miwili tu. Nikaiachia cherehani, nikamdaka ukosi. Tulipofika juu, hata maji hajayatema, kaniuliza eti na wewe walikutoza mara mbili? Nilitamani kumrudisha.

Jumatatu, 17 Machi

Mke wangu kaisoma karatasi. Yote. Kaikunja, kanitilia mfukoni, akasema nikamletee cherehani yake.

Nimekwenda ofisi ya bima. Moto haukuwepo, basi nikadai wizi. Binti wa kalamu akauliza mwizi alikuwaje. Nikasema mrefu, rangi ya udongo, kaingia mlango wa nyuma bila hodi, katokea wa mbele na kiti changu. Akacheka hadi akavua miwani. Kisha akatoa fomu yangu, akaisoma kwa sauti, foleni nzima inasikia: vyura wakitaka kuoga huhama mtaa. Aliandika! Na Fundi Saa, fomu yake ishagongwa muhuri wa fidia, akanipigia makofi.

Ijumaa, 21 Machi

Tumehamia kilimani, kwa yule mama wa vyumba. Wao wamepanga, mimi nimehifadhiwa. Cherehani moja inafanya kazi ya tatu, vidole vya mke wangu vimevimba. Nakata nyuzi, natia vifungo. Mama mkwe kanipokea kwa heshima zote: kanionyesha mkeka mlangoni, akasema hapo mwanangu, upate hewa.

Asubuhi Fundi Saa kaleta cherehani ya mkono, kuukuu lakini inashona. Asante ya kuokolewa, kasema. Mke wangu kamshukuru yeye! Ukosi nilidaka mimi!

Mchana mwenye nyumba kaja na fomu mkononi. Ukingo wa nyuma ya vyumba vyake umeanza kumeguka, anataka bima, na fomu inauliza kama udongo umewahi kuporomoka. Uliporomoka mwaka juzi, kasema. Je, humu kuna anayeyajua mambo haya?

Cherehani ikanyamaza. Mke wangu akanitazama. Mama mkwe akaanza kutikisa kichwa, taratibu, kwa msisitizo.

Nikajifuta mikono. Nikamwambia mwenye nyumba, mama, karibu, keti, umefika kwa mwenyewe, na sikutozi kitu. Hapo andika: haujawahi.