Malalamiko Kuhusu Kompyuta ya Jikoni

Kwa Mheshimiwa Kapitan Leodegario Maralit,
Mwenyekiti wa Baraza la Usuluhishi,
Barangay Santa Rufina, Batangas.

Mheshimiwa Kapitan,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limepoa. Mimi ni Wenceslao Macatangay wa nyumba yenye geti la buluu, mchambuzi wa barua mstaafu wa posta ya mji wetu, miaka thelathini na mmoja kazini bila kupoteza hata kadi moja ya Krismasi. Nakuandikia kwa heshima zote kama mwananchi, si kama kumpare wako, ingawa ni wewe uliyemshika binti yangu Marijoy siku ya ubatizo, na kwa hiyo kesi hii inakuhusu kidogo.

Kama mtaa mzima unavyojua, mimi na mke wangu Eufrocina, yaani Osing, tumenuniana. Leo ni siku ya kumi na tisa. Chanzo unakijua kwa sababu ulikuwepo. Siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu, ukiwa na sahani ya tatu mkononi, uliniuliza mbele ya wageni naionaje adobo ya manjano, ile nyama ya siki, aliyopika mke wangu. Nikajibu, "Inalika." Watu wakacheka. Wewe ulicheka kuliko wote, mpaka ukajimwagia mchuzi. Osing hakucheka. Aliweka mwiko chini, akaingia ndani, na tangu hapo hajanisemesha hata neno moja.

Kununa si kosa. Wazazi wetu walinuna na wakatuachia utaratibu mzuri: mmoja akinuna, mwenzake anabembeleza, wakinuna wote wawili, anayesema kwanza ndiye aliyeshindwa. Yeye amenuna, na mimi nimenuna kwa sababu amenuna. Mwaka wa kile kimbunga kikubwa tulikaa hivi siku kumi na moja, na ya kumi na mbili Osing akaniita nikamuulie nyoka bafuni. Nilimuua nyoka yule kwa furaha ambayo siwezi kukueleza.

Lakini mwaka huu kuna kompyuta. Marijoy anafanyia kazi nyumbani, na kampuni yake ilipobadilisha mashine alipewa tatu za zamani. Moja aliniwekea sebuleni nichezee sataranji. Moja alimwekea bibi yake, mama mkwe wangu, chumbani. Ile ya tatu, kompyuta mpakato, alimpa mama yake jikoni, ambako Osing hupokea oda za vitafunio vya mchele. Kisha akatandaza nyaya kutoka kwenye yake ghorofani, zote nne zikawa zinapelekeana ujumbe humu humu ndani bila kutoka nje ya ukuta. Unaandika huku, unatuma, na kule kidirisha kinajitokeza katikati ya kioo, hakiondoki mpaka msomaji abonyeze "Sawa". Hapo ndipo mke wangu alipopata njia ya kuninunia huku akinitawala. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu ujumbe wa kwanza. Alasiri ileile ya sikukuu, wageni wakiwa bado wanatafuta viatu vyao, kidirisha kilitokea juu ya sataranji yangu: "NJOO JIKONI USEME HAPA." Hakikuwa na salamu wala sahihi, ila neno JIKONI kwa juu, kana kwamba ni sufuria zilizoniita. Nilijua ni mtego. Nikabonyeza Sawa, nikakaa kimya. Sasa, Mheshimiwa, swali ambalo baraza lako linapaswa kulijibu ni hili: je, kuandika ni kusema? Mimi niliyeshika barua za watu miaka yote hiyo nasema ni kusema. Watu wamechumbiwa kwa barua, wameachwa kwa barua, na wengine wamesingiziwa mimba kwa barua. Hakuna hata mmoja aliyejitetea kwamba hakusema, aliandika tu. Kwa hiyo Osing alisema kwanza, na mimi ni mshindi wa siku kumi na tisa ambaye hajapewa haki yake.

2. Kuhusu chakula. Kila mchana unakuja ujumbe, na hauji kwangu peke yangu, unakwenda nyumba nzima: "WALI UMEIVA. ANAYEKULA AJE. ASIYEKULA ASIJE KUFUNUA SUFURIA SAA TISA KAMA PAKA." Nimefunua sufuria mara mbili tu. Mara ya pili nilikuta amenibakizia samaki, kichwa chote, ninavyopenda, chini ya sahani. Huo nao nauhesabu kuwa uchokozi.

3. Kuhusu mama mkwe. Ana miaka themanini na minne. Marijoy alimfundisha mashine mchana mmoja, na tangu siku hiyo sijapata raha. Saa tisa anaanza kutuma rozari, sala moja kidirisha kimoja, na malkia wangu wa sataranji yuko chini ya sala hizo hajulikani yu hai au ameliwa. Nimemwambia Bikira Maria Sawa mara hamsini na tatu kwa siku moja. Asiposali, anatoa maoni, akiniita kwa jina langu la nyumbani: "ISLAW FULANA HIYO NI YA JUZI." Mlango wake uko hatua tatu kutoka kiti changu. Ananiona. Angeweza kunirushia ndala kama zamani. Wiki iliyopita aliandika, "NUNENI TU. NIKIFA MTANUNIANA KWENYE JENEZA LANGU, MMOJA HUKU MMOJA HUKU." Kisha akauliza kama nimeona miwani yake.

4. Nilikuwa na jambo la nne, kuhusu Marijoy kunicheka. Nimelifuta kwa kuwa ni mtoto wako wa ubatizo na kicheko kile ni wewe uliyemwambukiza.

5. Kuhusu sauti. Hapa Batangas hatunong'oni, lakini hata kwa watu wa hapa sauti ya Osing ni ya kutajwa. Akiniita kutoka jikoni, "Islaaaw!", mbwa wa jirani alikuwa anasimama, na mafundi waliojenga daraja walikuwa wanaweka nyundo chini wakijua ni saa ya kula. Nimeilalamikia sauti hiyo miaka thelathini na minne, mpaka kwa mama yake. Sasa nyumba yangu inasema "ting". Ting, kula. Ting, kaoge. Ting, gesi imekwisha. Naichukia ile ting kutoka moyoni. Juzi nilipita karibu na jiko nikamsikia akiimba polepole huku anakanda. Alipojua nipo mlangoni akanyamaza. Iliniuma, Mheshimiwa. Hili naomba lisiandikwe kwenye kumbukumbu za baraza.

6. Kuhusu kiongozi mwingine niliyemfuata. Nilikwenda kwanza kwa padri, nikidhani Kanisa litasimama upande wa ndoa. Alinisikiliza kwa makini sana, kisha akauliza kama Marijoy anaweza kuwafungia na wao nyaya kama hizo, kwa sababu amechoka kushuka ngazi kumwita mpishi. Nilitoka bila baraka.

Kwa sababu hizo naomba baraza litamke rasmi kwamba ujumbe wa kompyuta ni kusema, kwamba Osing alisema kwanza, na kwamba ameshindwa, na litangaze hayo kwa kipaza sauti cha mtaa, mara baada ya tangazo la chanjo ya mbwa. Nipo tayari kushinda kwa unyenyekevu.

Kama baraza litaona hilo ni zito, basi naomba jiko langu litangazwe kuwa barangay nyingine, mtaa wenye mipaka yake. Ujumbe wowote kutoka huko utakuwa wa nje, utatiwa kwenye bahasha, utabandikwa stempu, utagongwa muhuri na utachukua siku tatu kufika sebuleni kama ustaarabu unavyotaka. Kazi ya kuchambua barua za sebuleni nitaifanya mwenyewe. Sare yangu bado inanitosha mabegani.

Na kama hata hilo halitawezekana, naomba utume mgambo mmoja asimame kati ya jiko na sebule, achukue maneno kwa Osing na kuniletea kwa mdomo. Sharti langu ni moja: awe na kifua, aliite jina langu kwa nguvu, na alivute mwishoni kama mke wangu anavyolivuta. Asipoweza, msimlete.

Nisalimie mkeo, kumare wangu Perpetua, mwambie kikapu chake bado kipo kwetu. Wasalimie watoto wote, wajumbe wote wa baraza, katibu wako pamoja na jino lake, mgambo wa zamu zote, na yule jogoo wako mwekundu niliyemsingizia kwamba ni mwoga. Nawatakia wote afya na sauti kubwa nyumbani mwenu.

Mwananchi mwenzako mwenye haki iliyocheleweshwa,
Wenceslao P. Macatangay

Nyongeza. Kumpare, usiisome barua hiyo barazani.

Nilimwomba Marijoy anichapie orodha ya ujumbe wote iwe kielelezo, maana mashine yake inatunza kila kilichopita, mwandishi, saa na dakika. Ameniletea sasa hivi, na safari hii hakucheka. Mstari wa kwanza hautoki JIKONI. Unatoka SEBULENI kwenda kwa WOTE, siku ya sikukuu, saa kumi na dakika arobaini: "osing adobo yako ni tamu kuliko ya marehemu mama yangu na yeye anisamehe. nilisema vile ili watu wacheke. nisamehe na mimi"

Niliyaandika nione tu yanavyokaa. Kisha nikaona haya, nikabonyeza kile kitufe kikubwa cha pembeni, maneno yakatoweka, nikajua nimeyafuta. Kumbe nilikuwa nimeyatuma, na kwa kuwa sikuchagua jina, yalikwenda kila chumba. Mama mkwe anayajua. Siku kumi na tisa amenitazama nimekaa na kiburi changu mbele ya sataranji, na anayajua.

Nikaenda jikoni. Osing alikuwa uani anakata majani ya mgomba. Mpakato ilikuwa wazi, na katikati ya kioo chake nikakuta kidirisha changu. Hajabonyeza Sawa. Oda zote za siku hizi kumi na tisa na za harusi ya kina Katigbak ameziandika kwenye nafasi iliyobaki pembeni, upana wa vidole viwili, kwa sababu aliambiwa akibonyeza yataondoka.

Nikasimama pale mpaka akaingia, nikayasema kwa mdomo. Sikuyasema vizuri. Nilisema adobo mara mbili, na mengine siyakumbuki. Osing alitazama majani yaliyomwanguka miguuni pangu, kisha akasema, "Sogea, baba, umekanyaga majani yangu." Alisema kwa sauti yake yote. Mbwa wa jirani alisikia.

Kwa hiyo andika kwenye kitabu cha baraza kwamba nimeshindwa mimi, siku ileile ya kwanza, saa kumi na dakika arobaini.