Caretaker wa Nyumba Zangu Mwenyewe

Jamani, leo aibu imenipata mchana kweupe, hapa hapa Tala.

Mnajua vile vyumba vyangu vinne vya kupangisha? (Miaka sita ya kuuza mitumba iko pale.) Rangi ilikauka zamani, na hakuna mtu hata mmoja ameingia. Karatasi ya matangazo imekaa kwa geti mpaka jua limekaribia kufuta namba ya simu. Nilikuwa nimeanza kulala vibaya.

Jana mwalimu mmoja akapiga simu. Amehamishiwa shule ya karibu, anataka chumba. Nikamuuliza rafiki yangu Syombua, ambaye amepangisha miaka mingi, nimpokee vipi.

"Usiwahi kusema nyumba ni zako! Watakuzoea. Sema wewe ni caretaker tu, wa kutunza nyumba, mwenyewe yuko Nairobi na ni mkali."

Basi asubuhi nikajifunga leso, nikashika ufagio. (Nilikuwa nimeshafagia mara tatu.) Mwalimu Kyalo akafika, mtu mpole, kofia mkononi.

"Habari mama. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Mimi? Wapi! Mimi ni caretaker tu. Mwenyewe ni mzee wa Nairobi. Mkali huyo!"

Akaingia, akafungua mlango wa choo. Ukagonga sinki, ukakwama nusu. Akajaribu kupita kwa ubavu.

"Huyu mzee alijenga akiangalia wapi?"

Mlango huo niliupima mimi, kwa kamba ya kuanika nguo. Nikatikisa kichwa kwa uchungu.

"Mwalimu, nimemwambia mpaka nimechoka. Hasikii! Na ni mchoyo ajabu." (Uongo ulikuwa umeanza kuninogea. Nilimchukia yule mzee kabisa.)

Mwalimu akacheka. Akasema chumba kina mwanga, maji yapo, anakitaka. Mpangaji wa kwanza! Moyo ukaruka.

Hapo ndipo nikasikia nyimbo barabarani. Na makofi.

Mwaitu! Mama yangu mzazi, kutoka Kalama, na akina mama wanane wa kanisa, vitambaa kichwani na chupa za chai mkononi. Nilikuwa nimemwomba aje siku moja tuombee nyumba. Akaamua siku ni leo, bila kupiga simu.

Vigelegele! Wakanizunguka mimi na ufagio wangu. Mwaitu akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaomba kwa sauti ya kufika Kangundo.

"Bwana, asante kwa binti yangu Mwende! Amejenga nyumba nne kwa jasho lake! Mletee wapangaji wazuri, na umlinde na waongo!"

"Amina!" Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mwalimu.

Nikafungua jicho moja. Amesimama mlangoni ananiangalia. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ningeharibu simiti yangu.

Mwaitu akammiminia chai. "Na wewe ni nani, mwanangu?"

"Mimi ni mpangaji, mama." Akanywa kidogo, akanigeukia. "Caretaker, mwambie yule mzee wa Nairobi nimechukua chumba. Lakini huo mlango autengeneze kabla sijahamia Jumamosi."

Akina mama wakaimba tena, na mimi nikaimba nikiwa nimeficha uso kwa leso. Niko na mpangaji, jamani! Nimeaibika, na nina furaha mpaka nacheka peke yangu kwa meza ya mitumba.

Ujumbe nimefikisha. Mzee amekubali, fundi anakuja kesho. Kumbe hata si mkali vile.