Tunapiga Watoto, Wazee na Maharusi

Jumatatu, 3 Machi

Nimetukanwa. Si kwa maneno, kwa futi ya kupimia nguo. Mama mkwe ameingia studio yangu asubuhi bila hodi, akapima ukuta, akapima dirisha, akaandika vipimo kiganjani. Nikamwuliza kwa heshima zote, mama, kulikoni? Akasema cherehani yake itakaa vizuri hapa, pana mwanga. Pana mwanga! Kwani huo mwanga ulikuja wenyewe? Nani alitoboa dirisha la pili? Nani alipaka mwavuli chokaa kwa ndani ili ukusanye mwanga?

Ni kweli nyumba ni yake. Ni kweli mwezi uliopita waliingia watu wanne tu, na mmoja alikuwa anauliza njia. Lakini nina miaka kumi na moja katika fani hii, jamani. Ametoa hukumu mbele ya mke wangu: ikifika Jumamosi tarehe 15 chumba cha mbele hakina kazi ya maana, anakichukua. Mke wangu alinyamaza. Ananyamaza kwa namna ya kukubali.

Anayeniua ni yule jamaa wa ng'ambo ya barabara. Namwita Tabasamu kwa sababu meno yake hayajawahi kupumzika. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kamera. Mimi! Leo ana studio ya vioo na taa zinazowaka mchana kweupe, na wateja wangu wote wanavukia kwake.

Ila nimenasa habari. Shule ya msingi ya hapo juu inatafuta mtu wa picha za vitambulisho. Watoto mia sita! Mwalimu Mkuu wao, mama mmoja wa miwani, hupita mbele ya mlango wangu kila asubuhi. Nikiipata kazi hiyo, cherehani itabaki ilipo. Kinachotakiwa ni ubao. Mkubwa, wenye rangi, wa kumsimamisha mtu.

Jumanne, 4 Machi

Ubao umepatikana. Ni mlango wa kabati la jikoni. Mke wangu amelichukulia vibaya, eti sasa kila mgeni anaona sahani zake. Nikamwambia na mimi nataka kila mgeni aione studio yangu. Hakucheka.

Fundi wa vibao alikuja saa nne. Mtu mwenye maswali mengi! Nilimwandikia maneno mwenyewe, yaani lugha yetu ya kazi. Sisi wapiga picha hatusemi sana. Tunasema nimempiga bibi harusi leo, katoka vizuri. Basi. Nikamwagiza pia achore kamera kubwa pembeni, imesimama juu ya miguu yake mitatu. Kamera ikatoka ndogo kama kibiriti na miguu ikatoka mirefu na minene. Nikamwambia aache hivyohivyo, nafasi imekwisha.

Fundi akakuna kichwa, akaniuliza: sasa bosi, mbona hapa hamna picha? Nikamwonyesha kamera aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe. Si hiyo hapo picha? Akauliza tena kama nina hakika. Nikamwambia kazi yake ni rangi, maoni anibakizie mimi. Akaandika huku mabega yanamtikisika. Kikohozi, nadhani. Rangi ina harufu kali.

Jioni mke wangu akausoma, akaniuliza swali lilelile. Picha iko wapi? Huyu ana macho kweli? Nikamwonyesha kamera. Akarudi kwenye sahani zake. Naunakili hapa kwa kumbukumbu ya vizazi:

TUNAPIGA WATOTO, WAZEE NA MAHARUSI
HATA WASIOTULIA
TUNAFUATA MPAKA NYUMBANI
HALIBAKI HATA KOVU MOJA

Hilo la kovu ni kwa sababu nasafisha chunusi kwenye kompyuta. Tabasamu hajui kusafisha chunusi.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Ubao umetundikwa saa moja asubuhi na saa mbili barabara imejaa. Watu wanasimama, wanasoma, wanaitana. Wanaupiga kwa simu zao! Tabasamu mwenyewe alitoka nje, akasoma, akajishika tumbo, akarudi ndani. Wivu unauma.

Hakuna aliyeingia, lakini mambo mazuri huanza hivyo. Mzee mmoja alisimama mlangoni, akainua bakora yake, akaniambia nithubutu. Nikamwambia karibu sana mzee wangu, wazee ninawapiga kwa uangalifu, wakiwa wamekaa. Akaondoka anatetemeka. Wazee wa siku hizi wana hasira za bure.

Mwalimu Mkuu alipita, akausoma wote, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena. Mara mbili! Nimemnasa.

Alhamisi, 6 Machi

Mteja wa kwanza, kisha hakuna mteja. Mama mmoja kaja anamburuta mwanawe wa miaka kama minane. Akaniambia amechoka naye, hataki kufanya kazi za shule, ameona ubao, kwa hiyo nimsaidie, ila kiasi. Sikuelewa kazi za shule zinaingiaje hapa, lakini mteja ni mteja. Nikamweleza utaratibu. Mtoto kama huyu huwa nampiga mara nne, mbili amesimama na mbili amekaa, halafu moja ya ubavuni kama zawadi. Mama akaanza kusitasita. Akauliza je, akilia? Nikamwambia wakilia ndiyo wanatoka vizuri zaidi, sura inakuwa na uhai, na mabibi zao wakiona wanafurahi.

Mtoto aliponyoka mkononi akapita dirishani. Dirisha lile la pili, nililotoboa mimi! Mama akaniambia nina roho mbaya sana, akamkimbilia mwanawe. Nimebaki na mwavuli mkononi. Huyu katumwa na Tabasamu, sina shaka.

Ijumaa, 7 Machi

Askari kaja. Kwangu! Mtu asiyewahi hata kuokota cha mtu! Akasema kuna malalamiko ya akina mama saba na mzee mmoja wa bakora. Nikamwuliza kosa langu nini. Akanitoa nje, akanisimamisha mbele ya ubao, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Akasema, soma tena, polepole. Nikasoma. Mara ya tatu, nilipofika kwenye MAHARUSI, nikasikia.

Lo!

Askari akaniuliza kwa upole, haya, picha iko wapi? Nikainua kidole kumwonyesha kamera. Miguu ile mitatu, Mungu wangu, ni fimbo tatu tupu. Nikakishusha kidole.

Lakini naomba nieleweke, aliyekosea si mimi. Mtu mzima anaona maneno "tunapiga maharusi" na anafikiria ngumi? Akili za wapi hizo? Kwani mtu anayepiga pasi anaipiga makofi? Nilimwuliza askari hivyo hivyo. Akasema niushushe kabla ya saa kumi. Mama mkwe alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia. Nilisikia pazia likicheka.

Jumatatu, 10 Machi

Sikulala Jumapili yote kwa mawazo, nikaamua kwenda mwenyewe shuleni kusafisha jina. Shati jeupe, kamera shingoni. Nikaingia ofisini, nikamwamkia Mwalimu Mkuu vizuri, nikasema maneno niliyoyakariri njiani: Shikamoo mwalimu, nimekuja kwa unyenyekevu kuomba niwapige wanafunzi wako wote.

Akaweka kalamu chini. Akasema shule yake iliacha mambo hayo zamani.

Nikaeleza. Nikaeleza sana. Nikatoa albamu. Yule mama akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye chai. Nilikereka, lakini mwisho alisema picha zangu ni nzuri. Alisema hivyo! Alikaa kwenye ukurasa wa maharusi muda mrefu, akasema nina jicho. Tangu nianze, nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kuniambia nina jicho.

Amenipa jaribio. Keshokutwa, darasa la pili, picha moja ya pamoja. Ikitoka vizuri, mia sita wote ni wangu. Nilipofika mlangoni akaniita, akaniambia, baba, ukiongea na watoto tafadhali liseme neno lote. Dharau! Mimi ni mtaalamu.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwa hasira.

Watoto arobaini, mabenchi matatu uwanjani, jua zuri, mwalimu wa darasa amewapanga kwa vimo. Wako kimya mno. Sikujua kwamba habari za ubao zilishafika darasa la pili. Nikasimika kamera, nikainama, kila kitu safi. Bado neno moja tu la kuwatuliza. Nikatumia sauti yangu ya upole: Haya wanangu, msiogope, tulieni hapo hapo, nawapiga wote kwa mpigo mmoja. Wa nyuma simameni niwapate vizuri.

Mmoja akapiga yowe. Basi. Sijawahi kuona uwanja ukifagiliwa namna ile. Wawili walipanda mnara wa tangi la maji. Mmoja alijifungia ndani ya choo cha walimu, wakamwimbia nusu saa ndipo akatoka. Mwalimu wa darasa alikimbia nao, na yeye ni mtu mzima mwenye cheti!

Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza. Picha yenyewe imetoka safi sana. Mabenchi matatu, kiatu kimoja, na mgongo wa mwalimu. Nikampelekea Mwalimu Mkuu, nikamwonyesha jinsi mwanga ulivyokaa. Hakucheka leo. Akaniambia: baba! Nilikuomba neno moja.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi kapewa Tabasamu. Amewapanga darasa la pili, akawaambia waseme "likizo", wote wakacheka. Likizo! Ulaghai mtupu.

Jioni kavuka barabara, akaja mpaka mlangoni kwangu. Nilidhani kaja kunicheka. Akasema, kaka, watoto mia sita siwezi peke yangu, na wewe ndiye uliyenifundisha. Tugawane. Wewe uwe nyuma ya kamera, mimi nitaongea nao. Madarasa matatu andika yako, umwonyeshe mama mkwe kabla ya Jumamosi.

Eti yeye aongee! Nimfundishe mimi, kisha anifunge mdomo yeye? Nilimwambia studio yangu haihitaji msemaji. Kwa mara ya kwanza meno yake yakajificha, akavuka kurudi. Mke wangu alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia kuna kitu kinaitwa heshima. Akasema kuna kitu kinaitwa chumba.

Jumamosi, 15 Machi

Cherehani imeingia saa tatu. Walibeba watu wawili, mama mkwe anaelekeza, kushoto, kushoto, msiikwaruze. Shuka langu la bluu la nyuma ya wateja kalikunja, akasema litatoa magauni mawili. Kiti changu kimetolewa barazani. Nilikikalia nikiwa nje, nikaangalia dirisha langu la pili likimmulikia mtu mwingine, na nasema wazi, nimeumia. Miaka kumi na moja. Mke wangu aliniletea chai na hakusema kitu, na safari hii hakunyamaza kwa namna ya kukubali. Karibu nilie. Nikamwambia ni moshi. Hapakuwa na moshi.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka mtu mpya! Nimekaa barazani tangu alfajiri nikachambua kila kitu, na sasa tatizo nimelijua. Si mimi, si mdomo wangu, si kamera. Ni neno "piga". Neno baya, la vurugu, halifai kabisa katika biashara. Halitatoka tena kinywani mwangu wala kwenye ubao wangu. Kwani watu wa mjini si siku hizi wanasema kuchukua picha? Kuchukua! Neno laini, halimtishi mtu.

Na chumba cha nini? Nitafanya kazi ya kutembea. Ubao mpya nimeshaupata, mlango wa pili wa lile kabati. Fundi wa vibao sikumwita, ana maneno mengi. Nimeandika mwenyewe, herufi kubwa, hakuna michoro ya kuleta utata. Mke wangu alipotokea nikaufunika kwa mkeka, nataka iwe mshangao.

TUNACHUKUA WATOTO
HATA BILA WAZAZI KUWEPO
UTALETEWA WAKO BAADA YA SIKU TATU
AKIWA MZURI KULIKO MWANZO

Nimeusoma mara tatu kwa sauti, kama alivyonifundisha askari. Hauna kasoro. Kesho saa moja asubuhi, wazazi wakiwa wanawaleta watoto, nautundika kwenye geti la shule.